Mnyonya Damu wa Sabra Twalibu

Sabra alipokuwa darasa la pili, wenzake waliacha kucheza naye rede kwa sababu baba yake alikuwa askari wa zimamoto. Siku hizo watoto wengi wa mtaani kwao, na baadhi ya wazazi wao pia, waliamini kwamba lile gari jekundu halibebi maji, linabeba damu, na kwamba watu wa zimamoto ndio mumiani wenyewe. Walisema humkamata mtu njiani, humning'iniza kichwa chini, humkamua mpaka akauke. Msichana mmoja alimwambia mbele ya darasa zima, "Wali mnaokula kwenu umenunuliwa kwa damu za watu." Sabra alirudi nyumbani akagoma kula wali. Mama yake alidhani ana minyoo, akampa dawa.

Baba yake, Mzee Twalibu, alipojua sababu hakukasirika. Alimpeleka binti yake kituoni, akafungua bomba, maji yakamrukia mtoto mpaka gauni likamganda mwilini. "Umeona?" akamwambia. "Ni maji." Sabra aliona. Kesho yake akawasimulia wenzake, na hakuna aliyemwamini. "Hilo ni bomba la kuonyesha watoto," walimjibu. "La damu liko nyuma."

Jambo hilo lilimkaa. Alikua, akamaliza kidato cha nne, akajifunza kushona, akaolewa, akaachika, akarudi kwao Bigwa, chini ya mlima, kuishi na baba yake aliyekwisha kustaafu. Lakini kila aliposikia habari ya kutisha isiyo na maelezo, mwili ulimwasha kama amekaa juu ya siafu. Jini kamkaba fulani: kwa nini? Paka mweusi kapita, mtu kafa: amekufa kwa ugonjwa gani? Hakuwa mtu wa kutulia. Alishona huku simu iko juu ya meza ya cherehani, chai ikipoa kwenye kikombe, na kabla hajamaliza mshono mmoja alikuwa amesimama mara kadhaa kwenda mlangoni bila kujua anakwenda kutazama nini.

Kutotulia huko ndiko kulikomfanya awe mtunzi. Alianza kuandika hadithi kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp. Mwanzoni walikuwa wateja wake wa magauni, kisha marafiki wa wateja, kisha watu asiowajua wa Dar es Salaam, Tanga na hata Maskati. Waliomsoma walimpenda kwa jambo moja: katika hadithi zake kila lililotisha lilikuja kupata sababu yake. Mlio darini ulikuwa wa popo. Bibi aliyeongea peke yake alikuwa na malaria kichwani.

Ndipo akaamua kuandika habari ya mnyonya damu. Aliitaka hiyo kuliko zote. Alitaka kumchukua mumiani aliyemharibia utoto, amlaze mezani, ampasue, awaonyeshe watu kwamba ndani hakuna uchawi.

Akaenda mjini kwa Hetal, binti wa familia moja ya Kihindi. Hawa wawili walikaa dawati moja sekondari. Hetal alisomea famasia na sasa anaendesha duka la dawa la familia yao, ila bado Sabra huingia nyuma ya kaunta bila kuomba ruhusa.

"Nataka ugonjwa," Sabra alisema.

"Wateja wangu wanataka dawa. Wewe unataka ugonjwa."

"Nataka ugonjwa unaoweza kumfanya mtu aonekane mnyonya damu. Wa kweli, wa vitabuni."

Hetal alifikiri huku akipanga vichupa. "Wapo waliosema ni kichaa cha mbwa. Aliyekipata anaogopa maji, mwanga unamuumiza, na anaweza hata kuuma. Wengine wakasema ni maiti tu. Watu wa Ulaya zamani walifukua makaburi, wakakuta mwili umevimba na damu imetoka mdomoni, wakadhani marehemu ametoka kula. Ni kuoza tu huko."

"Nataka mtu aliye hai. Anayekimbia jua."

"Basi porfiria." Hetal aliacha vichupa. "Ni magonjwa ya kurithi, yako ya aina nyingi. Mwili unashindwa kutengeneza vizuri kile kitu kinachoipa damu wekundu wake. Mabaki yanajikusanya. Kwa aina nyingine, jua likimpiga mgonjwa, ngozi inaungua. Iko moja, adimu sana, inapaka hata meno rangi nyekundu."

Sabra alikuwa ameshasimama. "Na wanakunywa damu?"

"Hapana. Kuna mtu aliwahi kudai hivyo huko Ulaya, wenzake wakampinga. Ukinywa damu, tumbo linaisaga kama maini ya kukaanga. Haimsaidii mgonjwa kitu."

"Hiyo ya kunywa nitaiongeza mwenyewe."

"Ongeza," Hetal alisema, akacheka. "Si hadithi?"

Hadithi ikatoka. Ilimhusu mwalimu mstaafu aitwaye Kibwana, aliyeishi peke yake mlimani, akalima alfajiri na magharibi tu, akajifunika mikono na uso, akachukia harufu ya kitunguu saumu, na meno yake yalikuwa na wekundu. Watu walidhani ni jini. Kumbe alikuwa mgonjwa, damu yake imeharibika, na njia pekee aliyoijua ya kujiongezea nyingine ilikuwa shingo za viumbe wenzake, kuanzia mbuzi. Sabra aliieleza porfiria vizuri kiasi kwamba msomaji mmoja aliandika, "Leo nimeelewa. Kumbe si mashetani, ni sayansi." Sabra alisoma maneno hayo akatembea uani huku na huko, uso ukimwaka kwa furaha.

Kijana mmoja mwenye sauti nzito, ambaye Sabra hakumjua, aliisoma hadithi yote akairekodi, akaweka mlio wa mvua nyuma yake. Hapo ikapata miguu. Ilisikika saluni, kwenye vibanda vya chipsi, kwenye spika za wauza mitumba. Ikapanda mlimani kwa simu za akina mama wanaoshuka na mboga.

Mzee Twalibu naye aliisikiliza. Ilipokwisha akauliza, "Na huyu Kibwana anaishi wapi?"

"Hayupo, baba. Nimemtunga."

"Watu hawawezi kumwacha hivyo, mwanangu, mtu asiye na kwao. Watamtafutia nyumba."

Sabra alidhani ni maneno ya uzee.

Nyumba ilipatikana. Habari ililetwa na Asia, mwanamke anayeshuka na ndizi na kabichi kutoka kitongoji kimoja juu ya Bigwa, ambacho sitakitaja kwa kuwa watu wake si wabaya kuliko sisi. Alikuja kupunguziwa sketi ya shule ya binti yake. Wakati Sabra anapima, Asia akasema kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi, "Dada Sabra, yule Kibwana wako yuko kwetu."

"Yuko wapi?"

"Juu yetu pale, karibu na kijito. Anaitwa Mwinshehe. Mchana hatoki. Analima kabla jua halijachomoza, akitoka amejifunika kama bibi harusi. Sisi miaka yote tulisema ana aibu tu, kumbe ndiyo hiyo uliyoieleza. Na meno ni yale yale, mekundu."

"Umeyaona meno yake?"

"Nimeyaona, dada. Watoto tumewakataza kuteka maji upande ule."

Pini ilimchoma Sabra kidole. Alimweleza Asia kwamba ile ni hadithi, kwamba ugonjwa upo lakini kunywa damu hakupo, kwamba sehemu hiyo aliibuni yeye mwenyewe, pale pale kwenye kiti kile. Asia alimsikiliza kwa heshima. Alipoondoka alisema, "Sawa dada. Lakini mengine yote umeyapatia."

Kuanzia siku hiyo Sabra hakupata raha. Aliifuta hadithi kwenye kundi, akaona upesi kwamba ni kazi bure, kwani ilikuwa kwenye simu za watu wengine wote. Alimtafuta yule kijana wa sauti nzito, hakupokea simu. Alishona suruali moja mguu ukageukia nyuma. Akienda jikoni alisahau alichofuata, akitoka nje alisimama akitazama mlima juu, ambako ukungu ulikuwa unashuka na kupanda kama kawaida, na hakuna kitu cha kuona. Kila simu ilipolia aliacha kila kitu akaikimbilia.

Mwishowe iliyolia ilikuwa ya Asia, asubuhi, na safari hii sauti yake haikuwa na zawadi ndani yake. Mbuzi wa jirani amekutwa amekufa, ameraruliwa shingoni. Wanaume wamekutana. Wanasema wataenda kumuuliza Mwinshehe.

"Kumuuliza vipi?"

"Kumuuliza tu," Asia alisema, kisha akaongeza polepole, "ila nimeona mapanga."

Sabra alimpigia Hetal. Hakutarajia zaidi ya ushauri, lakini Hetal alisema, "Nisubiri hapo. Kama mtu huyo jua linamchoma kweli, anahitaji kuonwa." Alifika na bodaboda, begi la dawa mgongoni, viatu vya mjini miguuni. Mzee Twalibu aliwakuta mlangoni. Sabra alimwambia wanakokwenda, na alitegemea atawazuia. Mzee alimtazama binti yake.

"Waliponisema mimi," alisema, "nilikuwa na sare, na wenzangu kituoni, na mshahara wa serikali. Huyo hana hata kimoja. Wahini."

Bodaboda ziliwafikisha mahali njia inapokataa magurudumu. Kutoka hapo walipanda kwa miguu, katikati ya migomba na matuta ya maharage, maji yakikata njia kila baada ya hatua chache. Hetal aliteleza, akavua viatu, akaendelea peku. Kwa kawaida njia hiyo imejaa salamu. Mtu hamalizi kumwitikia mmoja kabla mwingine hajamwamkia. Siku hiyo waliokutana nao walitazama begi la Hetal, wakatazama uso wake, wakapisha kando bila neno.

"Mbona wananitazama hivi?" Hetal aliuliza.

Sabra alijua. Mgeni, mweupe, ana begi la dawa, anapanda kwa Mwinshehe. Katika habari za mumiani daima kuna anayekamua na kuna anayekuja kununua. Hakumwambia. Aliongeza mwendo.

Nyumba ya Mwinshehe ilikuwa ya tofali za udongo na bati, madirisha yamefungwa kwa mbao. Walipiga hodi. Aliyefungua alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, mwenye mvi kidogo, fulana iliyofuliwa vizuri na mikono mikubwa yenye ngozi ngumu, iliyokunjamana kwenye vifundo kuliko umri wake. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi na harufu ya mianzi mibichi. Alikuwa anasuka matenga, yale ambayo akina Asia hubebea mboga.

"Shikamoo, kaka," Sabra alisema.

"Marahaba. Karibuni. Kaeni hapo, mwangalie msikalie kisu."

Sabra alijitaja jina. Alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, ila Mwinshehe alimtangulia.

"Ndiye wewe uliyeniandika?"

"Sikukuandika wewe, kaka. Sikukujua."

"Dada yangu aliniwekea kwenye simu. Nilipofika pale jamaa anapomng'ata mbuzi, nilicheka." Alichukua mwanzi, akaupasua kwa kisu, akauweka chini tena. "Halafu nikakumbuka kwamba majirani nao wanasikiliza."

Alipocheka tena kidogo, Sabra alimtazama mdomoni. Meno yalikuwa meno ya kawaida tu ya mtu anayekunywa chai nyingi. Hayakuwa na wekundu wowote. Asia alikuwa ameyaona kwa masikio.

Hetal aliomba kuiona mikono, na Mwinshehe akampa bila wasiwasi, akaeleza kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Ilimwanza utotoni. Jua likimpata kidogo tu, ngozi huwaka kama imepakwa pilipili, kisha huvimba, na usingizi haupo mpaka mikono ikae majini. Shuleni alichapwa kwa kukimbia mstarini. Mganga mmoja alishauri alazwe juani mpaka kinachomsumbua kitoke. Hakikutoka, aliyetoka ni yeye, alitoroka akalala kijitoni na maji yamemfika shingoni. Mjomba wake, kaka wa mama, alikuwa hivyo hivyo mpaka kufa. Baada ya hapo Mwinshehe aliacha kujieleza. Alijipangia maisha: kulima jua lisipokuwepo, kusuka likiwepo.

"Inaweza kuwa aina mojawapo ya ule ugonjwa wa kwenye hadithi," Hetal alimwambia. "Siwezi kusema kwa hakika. Vipimo vyake havipo kwenye begi langu."

"Kwa hiyo ugonjwa wangu una jina la kweli?"

"Unalo. Wewe na mjomba wako si wa kwanza, wako watu kama wewe duniani kote."

Mwinshehe aliuokota tena ule mwanzi. Ndipo jiwe likaanguka juu ya bati.

Nje walikuwa wamejaa uwanja mdogo wa mbele ya nyumba, wanaume kwa wanawake, Asia nyuma kabisa akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Mbele alisimama mwenyekiti wa kitongoji, Severini, mtu mpole ambaye siku hiyo alionekana kusukumwa na waliokuwa nyuma yake.

"Tunamtaka Mwinshehe atoke," alisema. "Na huyo Mhindi atueleze kwenye begi kuna nini."

Sabra alitoka akasimama mlangoni. Aliwaambia yeye ni nani. Aliwaambia Kibwana ni wa kutunga, kwamba hakuna mgonjwa wa namna ile anayekunywa damu, kwamba begi lina dawa za kupaka. Alimwaga begi lote chini: tyubu, bandeji, chupa ya maji, sanduku dogo la glavu. Glavu ndizo zilizoharibu. Mnong'ono ulipita kama upepo kwenye mahindi.

Mwanamke mmoja mtu mzima akasogea. Hakuwa na hasira. Alikuwa na swali. "Binti, unasema humjui Mwinshehe."

"Simjui, mama. Nimemwona leo."

"Ulijuaje basi kwamba analima alfajiri? Ulijuaje anajifunika mikono? Mtu hawezi kutunga kitu kikawa kama kilivyo."

Sabra alitaka kusema kwamba ndivyo ugonjwa unavyokuwa, kwamba maelezo ni yale yale hapa na Ulaya kwa kuwa ni ya kweli. Lakini alisikia jinsi jibu hilo litakavyosikika kwao. Kadiri alivyokuwa amepatia ndivyo alivyomponza mtu yule, na hakuwa na neno la kumtoa. Alibaki akigeuza kichwa, kwa Severini, kwa Asia, kwa vijana wenye mapanga, na kwa muda akawa yule mtoto wa darasa la pili mwenye gauni lililolowa.

Mlango ulifunguka nyuma yake. Mwinshehe alitoka. Hakuwa amejifunika, alikuwa na fulana yake tu. Jua lilikuwa limeshavuka utosi wa mlima na uwanja ulikuwa mweupe. Alipita kando ya Sabra akaenda kusimama katikati, akanyoosha mikono mbele, viganja chini.

"Severini," alisema, "tulikwenda jando mwaka mmoja. Njoo utazame. Miaka yote hamjatazama, leo tazameni."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyeondoka pia. Mwinshehe alisimama. Kwanza hapakuwa na kitu, na kijana mmoja akacheka. Kisha vidole vya Mwinshehe vikaanza kutetemeka, na uso wake ukabadilika, taya zikakazana, machozi yakaanza kumtoka bila sauti wala kilio, kama yanavyomtoka mtu anayekata vitunguu. Mikono ilikuwa inavimba. Wa mbele waliona pete yake ya shaba ikizama nyamani. Hetal alipiga hatua kumrudisha ndani, Mwinshehe akamzuia kwa kutikisa kichwa.

"Hili ndilo ninalolifanya mchana," alisema kwa shida. "Ninakimbia hili. Kama kuna mwenye mbuzi anayedhani nilikuja kwake, aseme sasa."

Severini alitazama chini. Wakati huo Maimuna, dada yake Mwinshehe, alikuwa anatoka bondeni na jembe begani. Alipoona kaka yake amesimama juani alitupa jembe, akapasua watu kwa viwiko, akavua kanga ya begani akamfunika kichwa na mikono, akamkumbatia kama mtoto. Kisha aligeuka.

"Mama yetu ndiye aliyewapokea nusu yenu mlipozaliwa," alisema. "Wewe, na wewe, na wewe. Alishika damu za mama zenu kwa mikono yake, na hakuna aliyemwita mnyonya damu. Leo mmemsimamisha mwanawe juani kwa hadithi ya kwenye simu."

Akamwingiza ndani. Watu walibaki wamesimama muda kidogo, kisha wa nyuma wakaanza kuondoka, na walioondoka waliwapa nafasi wengine kuondoka. Kijana aliyecheka aliinamisha panga akaanza kukata nyasi za ukingoni, kana kwamba ndizo alizozifuata. Yule mwanamke mwenye swali aliokota tyubu moja, akaifuta vumbi kwa upande wa gauni, akamkabidhi Hetal. Hakuomba radhi. Severini aliwasindikiza wageni mpaka chini na njia nzima alizungumzia bei ya mbolea.

Mikono ya Mwinshehe ilikaa majini siku nyingi. Ilipotulia, Sabra alimshusha mjini siku ya mawingu mazito, wakaonana na daktari wa ngozi. Daktari alisema dalili zinafanana na porfiria ya aina ile isiyogusa meno, lakini damu ilibidi ipelekwe Dar es Salaam kupimwa, na majibu yalipokuja yalikuwa na lugha ya kusitasita. Dawa yake haipatikani nchini kwa urahisi. Alishauriwa kuendelea kufanya alichokuwa akifanya tangu utoto. Mwinshehe aliposikia hivyo alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Sabra alimshonea koti la kitambaa kizito, lenye mikono mirefu hadi vidoleni. Alilikubali, ila akalirudisha kola irekebishwe.

Baada ya mbuzi yule mmoja waliraruliwa wengine, na baadaye watu walikuta mbwa koko wakiwa kazini. Bwana mifugo alikuja kuchanja mbwa. Wengi waliridhika. Wapo ambao hadi leo wakifika kwenye kijito wanateka haraka na kuondoka. Asia alianza kuwaachia watoto wake wapite pale. Sabra alipomuuliza habari ya meno mekundu, alifikiri akasema, "Labda nilikuwa nimesimama mbali."

Kuhusu hadithi, Sabra aliiandikia mwisho mpya. Kibwana hakumng'ata mtu. Waliosema hivyo walikuwa na hofu na hawakuwa na kazi nyingine. Aliisoma mwenyewe kwa sauti akairekodi. Wasomaji walilalamika kwamba ameiharibu, wengine wakatoka kwenye kundi. Rekodi yake haikwenda mbali. Ile ya mlio wa mvua bado inatembea, na hujui itatokea wapi. Hetal alimwambia aache kujitesa, kwamba neno likishatoka halina mwenyewe. Sabra alimjibu kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Ujumbe humjia mpaka sasa. Dada, kuna mtu kama yule mtaani kwetu. Dada, tumemgundua mmoja. Zamani angefurahi kusomwa mbali namna hiyo. Siku hizi huacha mshono katikati akapiga simu, na kuna wanaopokea na kuna wasiopokea. Wiki iliyopita alipiga Dakawa. Aliyepokea alikuwa mwanamke, nyuma yake kelele za mashine ya kukoboa mpunga.

"Huyo mtu uliyeniandikia habari zake," Sabra alisema, "anaitwa nani?"

"Sijui jina, dada. Amehamia tu, amepanga chumba cha uani. Hatoki mchana."

"Hujamuuliza?"

"Nimuulize vipi? Naogopa."

"Kamgongee, mwamkie, muulize jina. Halafu nipigie."

Mashine ilikoboa, ikasimama, ikaanza tena.

"Siwezi, dada."

Sabra alikuwa tayari amesimama, sindano imebaki kwenye kitambaa, mguu mmoja unapapasa ndala chini ya meza.

"Basi nielekeze nyumba," alisema. "Nakuja mwenyewe."